Muulize Mzee wa Karakana: Tommy gun ya semi, mtutu mrefu kama twiga, na mama asiyetaka bunduki ukutani

Wadau salaam. Toleo lililopita niliweka picha moja tu ya Thompson, ile bunduki wanayoiita Tommy gun, imelala mezani kwangu, kitako kimevuliwa, mafuta yanang'aa, basi aisee barua zimemiminika kama mvua za masika. Wengine wanauliza bei, wengine wanauliza kama nimejiunga na majambazi uzeeni. Kwa wageni wa safu hii, mimi ni mtoto wa Tanga, fundi chuma, niko Pennsylvania miaka mingi sasa, na kazi yangu ya jioni ni kurekebisha mbao na chuma za bunduki za zamani. Nimechagua barua chache, tuanze.

Shikamoo Mzee. Niliingia duka moja hapa Columbus, Ohio kutafuta buti za kazini, nikakuta Tommy gun mpya kabisa inaning'inia ukutani. Mimi nilijua hizi zilishapigwa marufuku enzi za Al Capone, yule jambazi wa Chicago. Muuzaji ananiambia nijaze fomu, nilipe, niondoke nayo. Ni kweli ama ananiuzia kesi?

Marahaba mwanangu. Hakuuzii kesi, ila anakuuzia kitu kinachofanana na kile unachokifikiria bila kuwa chenyewe.

Ile ya kwenye picha za majambazi ni kazi ya Jenerali mstaafu John T. Thompson, aliyeanzisha kampuni ya Auto-Ordnance mwaka 1916. Alitaka silaha ya kusafishia mahandaki ya Vita vya Kwanza, vita vikaisha kabla bunduki haijafika. Mwaka 1921 kampuni ya Colt ikamtengenezea bunduki 15,000, na hapo ndio kichekesho kinapoanza maana hazikununulika. Bei ilikuwa dola 200 na ushee, siku zile hela hiyo ni nusu ya gari la Ford, sasa nani atanunua? Walinunua polisi kidogo, posta kidogo, wanamaji kidogo, na wale jamaa wa Chicago ambao idadi yao haikuwa kubwa ila magazeti yaliwapenda. Tarehe 14 Februari 1929 watu 7 wakauawa kwenye gereji moja Chicago, Thompson mbili zikahusika, na toka siku hiyo jina likaharibika moja kwa moja. Mzigo ule wa Colt ulikaa stoo karibu mpaka Vita vya Pili ndio ukaisha, halafu ghafla kila jeshi likaitaka, zikatengenezwa zaidi ya milioni moja na nusu, na kufikia 1944 serikali ilikuwa inalipa kama dola 45 tu kwa moja.

Sasa hiyo uliyoiona wewe inaitwa 1927A1. Ilianza kutoka katikati ya miaka ya 1970 kwenye mji mdogo wa West Hurley, New York, chini ya kampuni ya Numrich iliyokuwa imenunua jina la Auto-Ordnance tangu 1951, na toka 1999 jina liko mikononi mwa Kahr Arms. Hii ni semi, yaani unavuta triga inatoka risasi moja, ukitaka nyingine achia uvute tena. Rashasha ya 1921 ukiishikilia triga inamwaga kama risasi 800 kwa dakika. Tofauti haiishii kwenye triga. Ile ya zamani bolti inakaa nyuma wazi, ukivuta triga bolti nzima nzito inakimbia mbele, ndio maana mkono unaisikia ikigonga kama mlango wa daladala kabla risasi haijatoka. Hii ya semi bolti imeshafunga mbele, kinachoruka ni kipigio tu. Kuanzia 1982 ATF, ile idara ya serikali kuu inayoshughulika na pombe, tumbaku, silaha na milipuko, ilianza kuzihesabu bunduki mpya za semi za bolti wazi kama rashasha, kwa hiyo mtengenezaji yeyote mwenye akili anafunga bolti.

Na mtutu. Ile ya zamani mtutu ni inchi 10 na nusu, kama sentimita 27. Hii ya dukani ni inchi 16 na nusu, kwa sababu sheria inataka bunduki yenye kitako iwe na mtutu usiopungua inchi 16. Ukiiangalia ubavuni ni kama twiga kameza fimbo. Mimi ninaipenda hivyo hivyo lakini ukweli ndio huo.

Kwa hiyo ndio, Ohio unaweza kuinunua kama bunduki nyingine ya kawaida. Umri kuanzia 18 kwa bunduki ndefu, unajaza fomu ya 4473, wanakagua jina lako, unalipa zaidi ya dola elfu moja. Kitu kimoja kwenye ile fomu usome taratibu: wanauliza kama unatumia bangi, na wameandika kabisa kwamba hata jimbo lako likiruhusu, serikali kuu hairuhusu. Ohio waliruhusu 2023 na watu wameshajichanganya.

Mzee mimi niko Houston nasoma chuo, nina viza ya F-1. Washkaji wa Kimarekani wananiambia Texas hapana shida, ukiwa na hela unanunua. Nataka ile Tommy gun ya semi ya kupigia picha tu na kwenda nayo renji, uwanja wa kulenga shabaha, wikendi.

Hapana.

Nitakueleza kwa nini maana najua hao washkaji hawakudanganyi kwa ubaya, wao hawajawahi kuwa na viza kwa hiyo hawajui. Texas inaweza kuwa laini vile inavyotaka, lakini hili ni la serikali kuu: mtu aliyeingia kwa viza isiyo ya uhamiaji, ya mwanafunzi, ya utalii, ya kazi ya muda, haruhusiwi kumiliki bunduki wala risasi. Na "kumiliki" kwao sio kununua tu, hata kuishika renji ukapiga nayo ni kuwa nayo. Kuna vipenyo vichache kwenye sheria, kimojawapo cha leseni ya kuwinda, lakini usipite humo bila kuongea na mwanasheria wa uhamiaji, sio na mshkaji, sio na mimi. Kosa la silaha linaweza kukurudisha nyumbani moja kwa moja, miaka yote ya ada uliyolipa inabaki huku. Mwenye green card ni habari nyingine, yeye anaruhusiwa, sheria za jimbo lake tu azijue.

Picha kapige kwenye makumbusho.

Habari ya kazi fundi. Ninayo 1927A1 niko Dallas. Naipenda kufa ila ule mtutu mrefu unaniudhi kila nikiiangalia, haifanani na ya kwenye picha za zamani. Nina grainda nzuri gereji, na inchi 6 sio kitu. Je nikiukata na kuupaka rangi, kuna ubaya?

Ndugu yangu weka hiyo grainda chini kwanza.

Ukikata mtutu ukashuka chini ya inchi 16 na kitako bado kipo, siku hiyo hiyo hapo gerejini umetengeneza bunduki ya mtutu mfupi, na hiyo iko kwenye sheria ya silaha ya serikali kuu ya 1934. Sheria ile ililetwa na hizi hizi Tommy gun. Wabunge waliona hawawezi kuzifuta tu, wakaweka kodi ya dola 200 kwa kila moja, yaani bei ya bunduki yenyewe, kwa hesabu kwamba jambazi hatakwenda kujiandikisha akilipa kodi. Wakaweka rashasha, mitutu mifupi, na vizuia sauti kapu moja. Kuwa nayo bila usajili ni kifungo mpaka miaka 10, na haijalishi ulikuwa unatafuta urembo.

Sasa habari njema ni kwamba njia halali ipo na siku hizi ni rahisi kuliko zamani. Unajaza Fomu 1 ya ATF, unatuma alama za vidole na picha, unasubiri. Kodi ile ya dola 200 ilikaa pale pale zaidi ya miaka 90 bila kupanda hata senti, na kuanzia tarehe 1 Januari 2026 kwa mitutu mifupi imekuwa sifuri. Rashasha bado 200. Lakini kuwa sifuri haina maana usajili umeondoka, hapo watu wanajikwaa sana, fomu iko pale pale na kibali kinatoka kwanza ndio unakata au unanunua mtutu mfupi, sio unakata Jumamosi unajaza Jumatatu. Kikitoka unachonga jina lako na mji wako kwenye mwili wa bunduki maana kisheria wewe sasa ndio mtengenezaji, na ukitaka kuvuka nayo kwenda jimbo jingine unaomba ruhusa tena. Majimbo mengine hayataki kabisa hata ukiwa na karatasi, Texas wanakubali.

Na hata karatasi ikitoka, usitumie grainda. Mtutu wa Thompson una mapezi yale ya kupoza na mbele kuna kompensata, kile kipande cha mdomoni cha kuzuia bunduki isiruke juu, ukikata kienyeji unapoteza shabaha ya mbele, mdomo wa mtutu unatoka umepinda, risasi zinakwenda zinakotaka. Nunua mtutu mfupi uliotengenezwa kiwandani umpelekee fundi bunduki aufunge kwenye mashine, hapo ndio utaiona imekaa kama ya 1928.

Kuna wanaokimbilia njia ya bastola. Kiwanda wenyewe walitoa moja, TA5, mtutu inchi 10 na nusu, haina kitako kabisa kwa hiyo kisheria ni bastola. Ukiitazama utaona mbao ya mbele ni ile iliyolala, sio kile kishikio cha kusimama chenye vidole ambacho kila mtu anakipenda. Hawakusahau. Bastola ukiiwekea kishikio cha kusimama mbele inahama kundi, inakuwa silaha ya kusajiliwa, na ukiiwekea kitako imekuwa mtutu mfupi. Yaani skrubu mbili tu na kipande cha mbao kinakutoa kuwa raia mwema. Sijui kama waliotunga hii walikuwa wanacheka au vipi lakini ndio iliyopo, na mimi siku zote nawaambia wateja, kabla hujanunua kipuri uliza kwanza hicho kipuri kinaifanya bunduki yako iitwe nani.

Kuna jamaa kijiweni anasema semi hizi unaweza "kuzifungua" zimwage kama za zamani, anajua mtu. Ukweli?

Simjibu huyo jamaa na wewe usimjibu. Rashasha ya raia Marekani ni ile iliyosajiliwa kabla ya tarehe 19 Mei 1986, daftari likafungwa siku hiyo na halijafunguliwa. Kwa hiyo zilizopo ni zile zile, hazizaliani, ndio maana Thompson halali ya kumwaga inauzwa makumi ya maelfu ya dola na wenye nazo wanazitunza kuliko wake zao. Ukibadilisha semi huna pa kuisajili hata ukitaka, hiyo ni jela tu, na mara nyingi hao "ninajua mtu" ndio wanaokuja kusimama mahakamani upande wa serikali. Tuendelee.

Mzee mimi nimekupenda kwa ile picha ya mbao. Niko Minneapolis, nina 1927A1 ya mkononi kwa mtu, chuma iko poa ila mbao imepakwa kitu kinang'aa kama meza ya hoteli na ina rangi ya chungwa. Nifanyeje iwe kama yako? Na nikipata hela nataka ngoma, ile magazini ya duara, ya risasi 50.

Hapa sasa ndio umenigusa, kaa chini.

Mbao ya Thompson ni ya mjozi na ni mbao nzuri, ila kiwandani wanaimwagia vanishi nzito. Ya zamani ilikuwa imenyonya mafuta tu, ina weusi ulioiva, ukiishika haitelezi. Kwa hiyo hatua ya kwanza, hakikisha bunduki haina risasi, toa magazini, vuta bolti, angalia kwa macho, ingiza na kidole. Kisha vua mbao zote. Usifanye kazi mbao zikiwa juu ya chuma, dawa inachuruzika ndani unakuja kulia.

Vanishi usiiondoe kwa msasa. Nimeona watu. Mimi mwenyewe kitako cha kwanza nilichokifanya nilikipiga msasa kwa hasira mpaka kikawa laini kama mkate, nikakipenda, nikakirudisha kwenye chuma, lahaula, pale mbao inapokutana na chuma kuna mwanya unaingia ukucha. Mbao ilikuwa imetengenezwa imezidi chuma kidogo sana na mimi nimekula ile ziada yote. Haikurudi. Kile kitako bado ninacho, ninakitumia kuzuia mlango wa karakana usifunge. Tumia dawa ya kuondolea vanishi, paka, subiri ifanye malengelenge, kwangua na kitu cha plastiki au mti, sio bisu. Rudia mpaka mbao ikae uchi.

Kama ina mabonde, yale ya kugongwa sio ya kukatika, weka kitambaa kibichi juu ya bonde halafu pitisha pasi ya moto, mvuke unaingia kwenye nyuzi za mbao zinavimba zinarudi. Ukiona bonde linapanda mbele ya macho yako utadhani uchawi. Acha ikauke mpaka kesho. Ndipo upitishe msasa laini, namba 320 hivi, kwa mkono, kufuata mstari wa mbao, na yale maeneo ya kukutana na chuma usiyaguse kabisa.

Rangi, mimi napaka kidogo sana ya kahawia iliyokolea, halafu mafuta ya kitani yaliyochemshwa. Matone machache kwenye kiganja, unasugua mpaka kiganja kipate joto, unafuta kilichobaki, unalala. Kesho tena. Wiki mbili. Ukimwaga mengi ili umalize leo utapata kitu kinanata kama maandazi ya sukari ya juzi. Na hili nisikilize vizuri: vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani usivikunje ukatupa kwenye pipa. Yakikauka yanatoa joto, kitambaa kilichokunjwa kinawaka chenyewe bila kiberiti. Vitandaze nje vikauke au vitose kwenye ndoo ya maji. Watu wameunguza gereji kwa kitambaa.

Chuma umesema iko poa, iache. Lakini kabla hujaamua kuipaka dawa ya kuipa weusi siku za mbele, ipime. Kuna toleo jepesi ambalo mwili wake ni alumini, na dawa ya weusi ya chuma haishiki alumini, inatoka madoa. Utajua kwa uzito tu, ya chuma inafika kama kilo 6 na hapo haijajazwa, hii nyingine iko kwenye kilo 4 na kitu. Ukiishika ya chuma dakika kumi mkono wa kushoto unaanza kuuliza maswali. Mimi nasema ya chuma ndio Thompson, ile nyingine ni ya kubebea tu.

Ngoma sasa. Kwanza angalia una ipi, kama kishikio cha kuvutia bolti kiko juu hiyo ni mtindo wa 1928 na ngoma inaingia, kama kiko ubavuni kulia hiyo ni mtindo wa M1 wa vitani, haina mifereji ya ngoma, jeshi waliiondoa kupunguza gharama, sahau. Kwako wewe umesema 1927A1 kwa hiyo iko poa. Ngoma haipandi kutoka chini kama magazini, inateleza kutoka ubavuni kwenye mifereji, na bolti lazima iwe imerudishwa nyuma, na springi ya hii semi ni nzito, mkono mmoja unavuta, mwingine unasukuma ngoma, wa tatu huna. Nunua ngoma iliyotengenezewa semi, ngoma za vita haziingii vizuri na bei yake itakutoa machozi. Magazini za vita nazo zinapatikana kwa wingi lakini tundu la kushikia liko tofauti kidogo na bunduki yako, linahitaji kupanuliwa kwa tupa, ndio maana mtu anaweka magazini inakaa, akipiga mbili inadondoka miguuni. Na Minnesota hawana kikomo cha ngoma ila ukihama uangalie, majimbo kadhaa yanaishia risasi 10.

Risasi ulishe zile za kawaida za .45 zenye pua ya duara. Zile zenye tundu mbele inazikataa, inakwama, halafu mtu anasema bunduki mbovu. Mzee Thompson hakuitengenezea hizo.

Niko Chicago, naomba kujua duka zuri la Tommy gun.

Kaka, Chicago ndio mahali pabaya kuliko pote pa kuuliza hilo swali. Jimbo la Illinois lilipitisha sheria Januari 2023 ya kuzuia uuzaji wa semi nyingi za mtindo wa kivita, kesi zake zinapigwa mahakamani mpaka watu wamechoka. Mji ulioipa hii bunduki jina ndio usioweza kuinunua. Uliza mwanasheria wa hapo kwanza. California, New York, New Jersey na Massachusetts nao wana sheria zao kali, wa huko msiniandikie kuhusu duka.

Jambo Mzee. Niko mama wa watoto tatu hapa Grand Rapids, Michigan, tulitoka Bukavu. Bwana yangu alinunua iyi bunduki yenye unaonyeshaka, anaipamba, anaipakaa mafuta kila siku ya Mungu, sasa anataka kuiweka ku ukuta ya salon juu ya televizyo. Mie nilisema hapana. Yeye anasema haina risasi, ni pambo tu. Watoto yangu iko 4, 7 na 11. Sisi tulikimbia bunduki, Mzee. Nani yuko na haki?

Mama, wewe.

Na mzee mwenzangu asinikasirikie, mimi ninazo na ninazipenda kuliko yeye. Kwanza sheria: Michigan toka tarehe 13 Februari 2024, nyumba yenye mtoto chini ya miaka 18, bunduki ambayo haiko mkononi mwa mwenyewe lazima iwe haina risasi na imefungwa kufuli, au iwe ndani ya kabati lililofungwa. Ukutani juu ya televizyo bila kufuli ni kosa, na mtoto akiigusa likatokea la kutokea, ni jela. Lakini hata sheria isingekuwepo. Mtoto wa miaka 11 ameshaona katuni ngapi zenye ile ngoma ya duara? Hiyo ni bunduki pekee duniani ambayo kila mtoto anajua inavyoshikwa kabla hajaiona.

Na kuna hilo lingine ulilolisema mwishoni ambalo nafikiri bwana yako hajalisikia, maana mwanaume akianza kupaka mafuta kitu masikio yanaziba. Kwake ile ni mbao na chuma na historia ya Marekani. Kwako wewe ukiingia salon usiku kuzima taa ile ni kitu kingine kabisa. Mwambie kwa maneno hayo hayo uliyoniandikia.

Sasa tumsaidie na yeye. Akanunue kabati la chuma, bunduki ilale humo, risasi zilale kwingine na funguo yake. Anayetaka pambo, kuna za bandia za chuma na mti zinatengenezwa Hispania, uzito karibu ule ule, haziwezi kupiga kitu, bei ni sehemu ndogo tu. Lakini hata hiyo ya bandia, Mama, ni wewe utakayesema kama inapanda ukutani. Na asiitoe nje, polisi hana muda wa kukagua kama ni ya Hispania.

Mzee wa Karakana, niko Eldoret. Binamu yangu yuko Atlanta, anarudi Desemba. Anaweza kunibebea hiyo semi kwa mzigo, akiifungua vipande vipande? Nitalipa.

Unataka binamu asirudi tena Atlanta. Kutoa bunduki Marekani bila kibali cha serikali yao ni kosa kubwa, na vipande pia vimo, mtutu umo, bolti imo, usidhani skana ya mizigo inadanganyika na soksi. Na akifika JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, anakutana na Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, hapo kuna kuingiza bila kibali na kuwa nayo bila cheti, yote mawili kwa siku moja na bado hajanywa chai. Tanzania vivyo hivyo, sheria ya 2015. Mwambie akuletee simu.

Shikamoo Mzee. Sina bunduki na sitaki. Niko Mwanza. Marehemu babu alikuwa Keya, yaani askari wa KAR ya Waingereza, alipigana Bama (Burma), na kwenye sanduku lake tumekuta picha ameshika bunduki fupi. Shangazi anasema ni bombomu, mjomba anasema ni Tommy gun, tumeshagombana mpaka arusi ikaingia dosari. Nimeambatanisha picha.

Marahaba mjukuu wa Keya. Hii barua nimeisoma mara tatu.

Shangazi tumheshimu lakini bombomu ni ile kubwa ya kukaa chini, ya kubebwa na watu zaidi ya mmoja, jina lenyewe lilitokana na mlio wake enzi za Wajerumani. Babu kama ameishika peke yake kwa mikono miwili basi sio bombomu. Mjomba anaweza kuwa sahihi. Waingereza walinunua Thompson nyingi sana mwanzoni mwa vita, na huko Bama kwenye misitu, mahali ambapo humuoni adui mpaka yuko hatua kumi, viongozi wa vikosi vidogo walikuwa wanaipenda. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita bonde la Kabaw mwaka 1944 kwenye mvua na matope na malaria mpaka wakafika Kalewa mwezi Desemba. Kama babu alikuwa humo na alikuwa koplo au sajini, inawezekana kabisa.

Ila inaweza pia kuwa Sten, ya Waingereza wenyewe, ya bei rahisi, vijana wengi walipewa hiyo. Kutofautisha ni rahisi: Sten magazini inatoka ubavuni kushoto kama mkono uliokunjuliwa, na bunduki nzima ni bomba tupu. Thompson magazini inaning'inia chini, kitako ni mbao, na mbele kuna mbao ya kushikia. Kishikio cha bolti kikiwa juu ni ya 1928, kikiwa kulia ni M1.

Sasa tatizo la picha yako. Aliyeipiga kwa simu ameishika ile picha ya babu na kidole gumba kimekaa sawasawa juu ya katikati ya bunduki. Naona kofia, naona soksi ndefu, naona kitako ni cha mbao, hapo mjomba anaongoza, magazini sioni. Toa kidole, piga tena, tuma, na nyuma ya picha kama kuna maandishi yapige pia.